Bustani ya Kijapani yenye sanamu msimu wa majani kupukutika: uende Grand Rapids, Rockford au Chicago?

Oktoba ikifika pande za Ziwa Michigan, watu hupanga safari za kwenda kuona majani. Wengi huzunguka kwa gari kwenye barabara za msituni, wakapiga picha dirishani, wakarudi nyumbani. Mimi naamini siku moja ndani ya bustani ya Kijapani yenye sanamu humfaidi mtu zaidi. Huko rangi imepangiwa mahali pake. Kuna mtu aliyekaa akawaza mti huu ukiwa mwekundu utaonekana kutokea wapi, mbele yake kuwe na maji au jiwe, na nyuma yake kuwe na nini ili wekundu ule usipotee.

Kwa anayeishi Chicago au karibu nayo, ziko tatu anazoweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, nazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza iko Grand Rapids, Michigan, ndani ya Frederik Meijer Gardens & Sculpture Park, eneo la ekari 158 lililofunguliwa 1995. Bustani yake ya Kijapani ina ekari 8 na ilifunguliwa 2015. Ya pili ni Anderson Japanese Gardens, mjini Rockford, Illinois, ekari 12 zilizoanza 1978 kama uwanja wa nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara John Anderson na mkewe Linda. Ya tatu ni Garden of the Phoenix, kwenye kisiwa chenye miti ndani ya Jackson Park, kusini mwa Chicago, ambayo asili yake ni maonyesho ya dunia ya 1893.

Kabla hujachagua, jua kwamba mbili za kwanza zimetoka mkononi mwa mtu mmoja, mbunifu wa bustani Hoichi Kurisu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Oregon kusimamia kazi katika bustani ya Kijapani ya Portland. Bwana Anderson aliitembelea bustani ile, akarudi Rockford na hamu ya kuwa na yake, akamtafuta Kurisu. Hapo ndipo kazi ya 1978 ilipoanzia. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, Kurisu yule yule akaitwa Grand Rapids. Kwa hiyo anayezilinganisha bustani hizi mbili anaona fundi mmoja alivyofanya alipopewa mawe, maji na miti peke yake, na alivyofanya alipotakiwa pia kuzipa nafasi kazi za wachongaji wa dunia nzima. Kwa maoni yangu, uamuzi wako wote uko hapo: unataka sanamu iliyokaribishwa ndani ya bustani, au unataka bustani ambayo yenyewe ndiyo imechongwa?

Sanamu zenyewe

Tuanze na Grand Rapids, maana kwa upande wa sanamu haina mshindani kati ya hizi tatu. Taasisi hii ilikuwa ya sanamu kabla haijawa na bustani ya Kijapani. Eneo lake kuu la sanamu lilifunguliwa 2002 na lina takribani ekari 30. Bustani ya Kijapani ilipobuniwa, ilijulikana tangu mwanzo kwamba sanamu zitakaa humo. Ndiyo maana hazionekani kama wageni walioletwa viti baada ya sherehe kuanza.

Inayonishika zaidi ni Long Island Buddha ya Zhang Huan, mchongaji wa China. Ni kichwa kikubwa cha Buddha kilichotengenezwa kwa shaba, kimewekwa chini ardhini, bila mwili. Zhang alikuwa amekwenda Tibet akakuta vipande vya sanamu za Kibuddha zilizovunjwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China, akaanza kuvikusanya na kuvitengenezea kazi mpya kubwa. Msimu mwingine wowote utakiona kichwa hiki kama kitu cha kushangaza katikati ya kijani. Oktoba ni habari nyingine. Shaba ile ya kahawia na majani yaliyoanguka kukizunguka vinakuwa rangi za ukoo mmoja, na habari ya kitu kilichovunjika kikabaki na heshima yake inaeleweka bila maelezo. Mtu akiniuliza kwa nini aende msimu huu na si wakati wa maua ya cheri, nitamtajia kichwa hiki.

Hapa niseme jambo linalowahusu wengi wetu. Wako wazazi na jamaa, Waislamu kwa Wakristo, watakaosita kusikia kwamba mnakwenda kutazama sanamu ya Buddha. Waelezeni mapema: hii ni kazi ya sanaa ndani ya bustani ya maonyesho, haina madhabahu, haiwekewi ubani, na hakuna anayetarajiwa kufanya lolote mbele yake zaidi ya kutazama. Nimeona ni bora mzungumze nyumbani kuliko mzee aje kuikuta ghafla kwenye kona ya njia, akanyamaza siku nzima.

Ya pili katika bustani hiyo ni kazi ya Jenny Holzer, For the Garden. Holzer ni msanii wa Marekani anayefahamika kwa kuweka maneno hadharani, mara nyingi kwa taa za umeme. Hapa ameyachonga kwenye mawe makubwa, maneno ya kishairi, na mawe yametawanywa kando ya njia. Hutayaona yote. Majani yakishaanguka, jiwe linaweza kukupita bila kujua kwamba linasema kitu, na inabidi uiname kusoma. Naipenda kazi hii kwa sababu haipigani na bustani. Wako pia Anish Kapoor, yule aliyetengeneza Cloud Gate ya katikati ya Chicago, na Masayuki Koorida wa Japani.

Ukitoka kwenye lango la bustani ya Kijapani, sehemu nyingine za eneo hilo zina mambo ambayo nayo yanastahili miguu yako. Kuna Iron Tree ya Ai Weiwei, mti wa chuma uliounganishwa vipande vipande na unaozidi kushika kutu mwaka hadi mwaka. Katika vuli rangi yake hukutana na ya miti halisi. Kuna pia farasi wa shaba nyeusi wa Nina Akamu, The American Horse, mwenye urefu wa futi 24, aliyetokana na ndoto ya Leonardo da Vinci ambaye hakuwahi kumkamilisha farasi wake. Watoto humpenda huyo kuliko kitu kingine chochote.

Kasoro ya Grand Rapids ndiyo hiyo hiyo sifa yake. Sanamu zinavuta. Mtu huanza kutembea kutoka kibao cha maelezo hadi kibao cha maelezo, na bustani inageuka kuwa njia tu ya kufikia kazi inayofuata. Ukienda, fanya hivi: zunguka bwawa mara ya kwanza bila kusoma kibao chochote, uvuke lile daraja la mbao lililokatwa kwa pembe pembe, usimame kwenye maporomoko ya maji. Kisha rudi uzitafute sanamu. Utaona jinsi Kurisu alivyozifungulia nafasi.

Rockford ni kinyume chake. Anayekwenda kule akitafuta majina makubwa ya wasanii atakata tamaa, na ni heri niseme wazi. Ipo sehemu ya kisasa iitwayo Garden of Reflection yenye sanamu za malaika wa shaba nyeusi, lakini sikushauri kuendesha gari saa moja na nusu kwa ajili yao. Sanamu za Rockford ni taa za mawe, mabirika ya mawe ya kunawia mikono, na zaidi ya yote mawe yenyewe. Katika ufundi huu jiwe halitui juu ya ardhi; huzikwa sehemu ya chini mpaka lionekane limezaliwa hapo, na fundi huchagua uso gani utazame njia, uso gani utazame maji. Jiwe moja likigeuzwa kidogo, maporomoko mazima hubadilika sauti na umbo. Yale maporomoko ya upande wa magharibi ya Rockford ni kazi ya uchongaji, ingawa hakuna patasi iliyopita. Nimesimama pale na watu waliokuwa wametoka kutazama makumbusho makubwa ya sanaa, nao hawakuwa na haraka ya kuondoka.

Taa za mawe nazo zinataka macho. Asili yake ni kwenye mahekalu, kisha zikaingia kwenye bustani za chai ili kumwongoza mgeni anayekuja jioni. Kila moja imewekwa mahali penye sababu: mwanzo wa daraja, kona ya maji, karibu na birika. Msimu wa kupukutika huzifaa sana, kwa kuwa vichaka vinapopungua majani, taa iliyofichika kiangazi chote hujitokeza.

Chicago inakupa sanamu moja tu, na sanamu hiyo imebeba historia ya mahali pote. Mwaka 1893 Japani ilijenga hapa jumba liitwalo Ho-o-den kwa ajili ya maonyesho ya dunia, likifuata mfano wa hekalu la Byodo-in la mji wa Uji, na baada ya maonyesho likaachiwa jiji la Chicago kama zawadi. Watu wengi wa Marekani waliona ujenzi wa Kijapani kwa macho yao kwa mara ya kwanza pale. Miaka ya 1930 ikaongezwa bustani. Kisha vita vikaja, chuki ikapanda, mahali pakaachwa, na 1946 jumba likateketea kwa moto. Baadhi ya mbao zake za kuchonga zilikuja kupatikana miaka mingi baadaye chini ya viti vya uwanja wa Soldier Field, na leo ziko katika jumba la sanaa la Art Institute of Chicago.

Pale jumba lilipokuwa, Oktoba 2016 ilizinduliwa Sky Landing ya Yoko Ono, msanii mzaliwa wa Japani: petali 12 za yungiyungi, za chuma cha pua, zinazosimama kama futi 12 kutoka ardhini. Ndiyo kazi yake ya kwanza ya kudumu mahali pa wazi katika bara la Amerika. Haimo ndani ya uzio wa bustani bali jirani yake, kwa hiyo wanaoingia bustanini na kutoka haraka huikosa. Petali zinainuka kutoka palepale penye majivu. Ukiijua historia hiyo huitazami kama pambo. Usipoijua, utaona vyuma vinavyong'aa kwenye nyasi, upige picha, upite. Kati ya sanamu zote nilizozitaja, hii ndiyo inayodai msomaji wake ajiandae kabla ya kufika.

Rangi, na lini

Rangi ya majani haitoki popote mpya. Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza klorofili, kijani kinafifia, na manjano iliyokuwa imefichwa ndani ya jani inaonekana. Nyekundu ni tofauti kidogo: mti huitengeneza wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na huipata vizuri zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia barafu. Wiki ya mawingu na mvua hutoa majani ya manjano na kahawia. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukuahidi nyekundu kwa tarehe.

Kwa kawaida Grand Rapids hufikia kilele katikati ya Oktoba, Rockford hufuatia kwa karibu, na Chicago, kwa joto la jiji na la ziwa, huchelewa mpaka mwisho wa Oktoba, pengine siku za mwanzo za Novemba. Lakini momiji, ile miti midogo ya Kijapani yenye majani yanayofanana na kiganja cha mtoto aliyetanua vidole, huchelewa kuliko miti ya kienyeji. Ukienda mapema mno utakuta msitu wa nje umewaka na bustani bado ya kijani. Kama shabaha yako ni momiji, sogeza safari mpaka wiki ya mwisho ya Oktoba.

Kwa rangi tupu, bila kuhesabu sanamu, naipa Rockford nafasi ya kwanza. Miti yake imekuwa pale kwa miongo kadhaa, imekatwa na kuelekezwa mwaka baada ya mwaka na watunzaji wanaojua kila tawi linakwenda wapi, na maji yake yanairudisha rangi mara mbili. Grand Rapids ni changa. Miti mingi ya bustani yake bado inajenga umbo. Hata hivyo hapo hapo kuna maonyesho makubwa ya maua ya krisanthemamu kila vuli, kwa hiyo macho hayatalala njaa. Chicago ina msitu wa kisiwa chenyewe, mialoni mikubwa na ndege wanaohama, lakini ndani ya uzio wa bustani eneo ni dogo.

Safari, fedha, na mnaokwenda nao

Chicago haina kiingilio. Unashuka nyuma ya jumba la makumbusho ya sayansi, ambalo lenyewe ni jengo lililobaki kutoka maonyesho ya 1893, unavuka daraja, umefika. Kwa ndugu zetu kutoka Kenya wanaokuja Chicago kutazama Kituo cha Rais Obama, nacho kiko ndani ya Jackson Park hiyo hiyo. Ni vibaya kufika mpaka pale na kuondoka bila kutembea kisiwani.

Rockford iko kama maili 90 kutoka katikati ya Chicago, na ina kiingilio. Nenda asubuhi, ule chakula cha mchana hapo hapo kwenye mgahawa wa bustani, na jioni uwe nyumbani. Grand Rapids ni maili 180 hivi, karibu saa tatu za barabara, na kuna jambo linalowapata wengi: Michigan iko saa moja mbele ya Chicago. Ukitoka Chicago saa mbili asubuhi hufiki saa tano, unafika saa sita mchana, na siku za vuli ni fupi. Jumapili hufungua kwa kuchelewa. Kiingilio chake ndicho kikubwa kuliko vyote, ingawa familia zenye kadi za msaada wa chakula zina tiketi za bei ya chini sana. Ulizeni mlangoni, msione aibu, utaratibu huo uliwekwa ili utumike. Grand Rapids ina Wakongomani wengi, na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili huishi dakika chache tu kutoka langoni. Kwao kilio cha umbali hakipo kabisa.

Watoto wadogo wapelekeni Grand Rapids. Kuna bustani yao maalumu ya kuchezea, kuna farasi wa Akamu, na njia za lami zinapitisha kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu bila taabu. Babu na bibi nao watapata tramu ya kuwazungusha kwenye eneo la sanamu. Rockford ina njia nzuri pia, ila baadhi ni za mawe ya kukanyagia na ngazi, na mtoto anayependa kukimbia karibu na bwawa la samaki wa koi atakunyima raha uliyoifuata. Hiyo ni bustani ya watu wazima wawili wasio na haraka, au mtu peke yake. Chicago inamfaa kijana mwenye kamera na saa mbili za nafasi, au mwanafunzi asiye na gari.

Ningechaguaje?

Anayetaka sanamu ndani ya bustani ya Kijapani, na ana siku moja tu mwaka mzima, aende Grand Rapids, siku ya kazi, afike mlango ukifunguliwa. Jumamosi ya katikati ya Oktoba pale ni foleni ya magari na simu zimenyooshwa juu. Kichwa cha Zhang Huan hakitazamwi vizuri ukiwa umesubiri zamu.

Anayejua tayari kwamba majina ya wasanii hayamgusi, na kinachomtuliza ni maji na mawe, asipoteze mafuta kwenda Michigan. Rockford itampa zaidi. Mimi mwenyewe, nikilazimishwa kubaki na moja, nabaki na Rockford, na ninaamini Kurisu alikuwa huru zaidi pale, akiwa na mwenye nyumba mmoja aliyemwamini na ardhi yenye kijito kikipita.

Chicago siishindanishi na hizo mbili, kwa sababu hailazimiki kuchukua siku yako nzima. Iweke Novemba, baada ya moja ya hizo mbili, majani yakishaanguka na petali za Ono zikionekana kutoka mbali kupitia matawi matupu. Soma kwanza kuhusu 1893 na 1946. Kama una siku ya ziada, pitia Art Institute utazame zile mbao za kuchonga zilizonusurika, kisha uende kisiwani. Zikitazamwa kwa mfuatano huo, jumba lililoungua linaanza kuwa na umbo kichwani mwako kabla hujasimama mahali lilipokuwa. Vaeni viatu visivyoteleza, maana kisiwani kuna tope baada ya mvua, na mwanga wa mchana Novemba huondoka kabla ya saa kumi na moja.